Maswali na majibu: Mvinyo mweupe mtamu wa Dodoma

Msomaji wa Mwanza: Mvinyo mweupe mtamu si umetiwa sukari tu?

Swali hili haliishi kuletwa, na wengi wanaouliza hawajasoma hata lebo ya chupa waliyoishika. Zabibu iliyoiva sawasawa ina zaidi ya gramu 200 za sukari katika kila lita ya mchuzi wake. Hamira huila na kuigeuza kilevi: gramu 17 hivi kwa lita huzaa asilimia moja. Ukiisimamisha kabla haijamaliza, sukari iliyosalia ndiyo utamu wenyewe. Anayemimina sukari ya dukani mwishoni anaficha zabibu zilizochumwa mbichi, na ulimi utakuambia: utamu mbele, ukali wa ndimu nyuma, katikati hamna kitu.

Mkulima wa Hombolo: Familia yetu ina ekari mbili za Chenin Blanc. Tumechoka kusubiri mnunuzi huku zabibu zinaoza shambani. Tunaweza kutengeneza mvinyo mtamu wenyewe?

Mnaweza, na natamani familia nyingi zaidi zifanye hivyo. Kwanza acheni kuchuma kwa hofu. Mnunuzi anayelipa kwa kilo bila kupima sukari ndiye anayewafundisha wakulima kuvuna mapema, nami sitachoka kulisema. Nunueni kipima sukari ya matunda cha mkononi, mchume kikisoma 22 au zaidi kwa kipimo cha Brix (asilimia ya sukari kwenye mchuzi), alfajiri, kabla jua halijapasha vichala. Kamueni siku hiyohiyo, toeni maganda, mchuzi uchache taratibu mahali pa baridi. Utamu ukitosha, pozeni tenki karibu na nyuzi 0, chujeni kwa chujio laini kabisa, kisha mtie salfaiti, dawa ya kuhifadhi mvinyo, kwa kipimo cha mtaalamu. Hapa ndipo wengi huharibu. Hamira iliyobaki kwenye mvinyo wenye sukari huamka ndani ya chupa, na chupa inaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Kama hamna uwezo wa kupoza na kuchuja, uacheni uchache hadi sukari iishe, mtengeneze mvinyo mkavu. TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo cha zabibu, wako jirani nanyi; kawaulizeni kabla ya kununua tenki lolote. Na bila nembo ya TBS, shirika la viwango, msiuze hata chupa moja.

Msomaji wa Tanga: Mvinyo mtamu unafanana na juisi. Mwislamu hawezi kuunywa?

Ni kilevi. Kunywa juisi ya zabibu.

Msomaji wa Morogoro: Mke wangu ni mjamzito. Glasi ndogo itamdhuru?

Asinywe kabisa. Usimwulize muuza baa, wala usiniulize mara ya pili.

Msomaji wa Mombasa: Tuunywe na chakula gani?

Chenye pilipili. Utamu hupoza ukali, ilhali mvinyo mkavu wenye kilevi kingi huuchochea. Msiunywe na kaimati zilizolowa shira, kwa sababu kitafunio kikiuzidi mvinyo kwa utamu, mvinyo huonekana mchungu. Pozeni chupa, barafu isiingie kwenye glasi.

Msomaji wa Dar es Salaam: Kwa nini Dodoma haitoi mvinyo kama wa Sauternes?

Kwa sababu Sauternes, eneo la mvinyo mtamu kule Ufaransa, hutegemea ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka mito ya Ciron na Garonne. Unyevu huo huotesha kuvu anayenyausha zabibu na kukoleza sukari yake, kisha jua la mchana huzikausha. Dodoma ni nchi kavu. Zabibu zikishikwa na kuvu wakati wa mvua, huo ni uozo wa kutupa, na anayewaambia wakulima vinginevyo anawapoteza.

Wa kuigwa ni kisiwa cha Pantelleria, Italia. Kule familia huchuma zabibu nyeupe, huzianika juani kwa wiki kadhaa, kisha huzichachusha zikiwa zimejaa sukari. Dodoma ina mavuno mawili kwa mwaka, na yale ya Agosti na Septemba huangukia kiangazi chenye jua na upepo. Ningependa kuona familia moja ikianika vichala vya robo ekari msimu ujao, juu ya chanja, vikiwa vimefunikwa kwa chandarua dhidi ya nyuki na ndege.