Hisa za mafuta Nairobi na bei ya pipa

Ndugu yetu ameuliza iwapo, kwa kuwa bei ya pipa duniani imepanda, huu ndio wakati wa kununua hisa za kampuni za mafuta katika Soko la Hisa la Nairobi. Nitamjibu kwa yaliyonipata mimi, mwekezaji mdogo ambaye hajawahi kumiliki zaidi ya hisa elfu chache.

Nilikuwa na hisa za KenolKobil, kampuni ya Kenya ya kuuza mafuta. Mnamo Oktoba 2018 kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilitangaza kwamba itanunua hisa zetu kwa shilingi 23 kila moja. Mwezi huo mafuta ghafi yalikuwa yamevuka dola 80 kwa pipa, lakini kufikia mwisho wa Desemba yalikuwa yameshuka hadi karibu 50, na bado mwaka uliofuata nililipwa shilingi 23 zile zile. Nilijisifu kwa shemeji yangu kwamba ninayaelewa mafuta, ilhali faida yangu ilitoka kwa mnunuzi aliyetaka vituo, maghala na wateja.

Kampuni hizi hazichimbi mafuta, wala Kenya haisafishi tena mafuta ghafi tangu mtambo wa Changamwe usimamishe kazi hiyo mwaka 2013. Zinauza bidhaa iliyosafishwa kwingine, na kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, ambayo ndani yake faida ya muuzaji imepangwa kwa shilingi kadhaa kwa lita. Kwa hiyo pipa likipanda, faida kwa lita haipandi nalo. Kinachopanda ni fedha za kununulia shehena, na fedha hizo mara nyingi ni mkopo wa benki wenye riba. Kupanda kwa bei, ambako ndugu yetu anakuona kuwa neema, kunaweza kuwa mzigo kwa kampuni anayoitamani.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, petroli Nairobi ilizuiwa isipite shilingi 159.12 kwa ruzuku, na wauzaji wakangojea serikali iwafidie tofauti, malipo yakichelewa hadi vituo vingine vikakauka mwezi Aprili. Septemba, serikali mpya ilipoondoa ruzuku ya petroli, bei iliruka hadi 179.30. Mwaka uliofuata kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, shilingi ikazidi kudhoofika mbele ya dola, na Septemba 2023 petroli ikafika 211.64. Mwenye hisa aliyekuwa akitazama bei ya mafuta ghafi katika soko la London pekee hangeyaona hayo yakija. (Mimi pia sikuyaona yote, nilidhani ruzuku ingeondolewa polepole.)

Siku hizi, kabla ya kutazama bei ya hisa, hufungua taarifa za fedha na kusoma kwanza kiasi ambacho kampuni inaidai serikali, kisha mikopo ya muda mfupi na riba yake, kisha gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa. Deni hilo ambalo serikali inadaiwa na kampuni likikua kwa miaka miwili mfululizo, sinunui, hata pipa lifike dola 100. Kwa sasa fedha zangu nyingi ziko kwenye hati fungani za miundombinu, yaani fedha ninazoikopesha serikali kwa riba, na hisa za mafuta nimebakiza chache, kwa ajili ya gawio tu.