Baruti ya marehemu: kabla hujashindilia risasi kwa kopo la zamani

Mwaka 2021 jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyenifundisha kushindilia risasi, alifariki. Haukupita mwezi mkewe akanipigia simu. Njoo uchukue vitu vyake vya bunduki, watoto hawavitaki, na mimi nikiviona nalia tu. Nikateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba yao, hapa kaskazini mwa Minnesota, nikatoka na makasha mawili. Ndani mlikuwa na makopo tisa ya baruti, na lililo jipya kuliko yote lilikuwa na umri wa kijana wa chuo.

Kwa wasioujua mchezo huu: mwindaji wa huku hatupi ganda la risasi. Huliokota, hulisafisha, huliwekea fataki mpya (kile kiwashio kidogo cha kitakoni), huipima baruti kwenye mizani midogo, kisha hukaza kichwa kipya kwa mashine ya mkono. Neno letu la kushindilia limetoka kwenye gobore na mchi wake, lakini kazi ni ile ile. Kopo la ratili moja siku hizi lavuka dola 50 kirahisi, na kuna miezi halipatikani kabisa. Kwa hiyo makopo tisa ya bure niliyaona kama gunia la mchele lililoanguka mlangoni.

Jambo la kwanza ni kujua umri, na lebo husema mengi hata kama haina tarehe. Kopo lenye jina la DuPont ni la kabla au karibu na 1986, mwaka ambao kampuni hiyo iliachana na biashara ya baruti. Baruti zake za chapa ya IMR ziliendelea kwa wengine, na tangu 2003 zimo mikononi mwa kampuni ya Hodgdon. Likiandikwa Hercules, limetoka kabla ya jina hilo kugeuka Alliant mwaka 1995. Makopo yangu manne yalikuwa ya DuPont, mawili ya Hercules, mawili ya Hodgdon. La tisa halikuwa kopo. Lilikuwa chupa ya kioo ya kachumbari, imejaa punje nyeusi, na juu yake karatasi ya gundi imeandikwa kwa kalamu: 4831.

Hapo kwenye 4831 tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoharibikiwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilibaki na baruti nyingi kuliko lilivyohitaji. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua ratili 50,000 za 4895, baruti ya risasi za bunduki ya jeshi ya M1 Garand, akaihifadhi kwenye behewa kuukuu la treni lililowekwa kwenye malisho ya shamba, akawa anawauzia wawindaji kwa posta. Baadaye ikaja 4831, baruti nzito ya mizinga ya milimita 20, inayoungua polepole. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi na ilifaa risasi kubwa za kuwindia. Akiba ya jeshi ilipokaribia kwisha, Hodgdon akaagiza iliyotengenezwa upya Scotland, na leo baruti hiyo, inayoitwa H4831 (H ya Hodgdon), hutoka Australia. Miaka ya 1970 DuPont nao wakatoa ya kwao: IMR 4831. Namba ile ile, lakini inaungua haraka zaidi. Kipimo cha juu cha H4831 ukikiweka kwa IMR 4831, umeipandisha presha ndani ya chemba sentimita chache kutoka usoni pako.

Sasa chupa ya kachumbari inayosema 4831 tu, bila H wala IMR, ni ipi? Marehemu alijua, lakini ameondoka nayo. Sikuinusa, sikuipima. Iliingia moja kwa moja kwenye kundi la kuchomwa, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu: baruti isiyokuwa kwenye kopo lake la kiwandani haina jina, hata kama aliyeiweka humo ni baba yako mzazi.

Makopo mengine niliyakagua mchana, nje, moja moja. Msingi wa baruti isiyo na moshi ni nitroselulosi, na nitroselulosi huanza kuoza siku ile ile inapotoka kiwandani. Hutoa gesi yenye asidi, asidi nayo huharakisha kuoza. Ndiyo maana kiwandani huchanganya dawa, mara nyingi daifenilamini, ya kuinyonya gesi hiyo. Dawa ikiisha, mambo huenda mbio, na joto huongeza mbio hizo. Wafaransa, walioivumbua baruti hii, waliyaona wenyewe bandarini Toulon: manowari Iéna ikalipuka 1907, Liberté ikafuata 1911, mamia wakafa, na lawama ikaiangukia baruti iliyooza ghalani. (Aliyekuwa Dar es Salaam maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka, Mbagala Aprili 2009 au Gongo la Mboto Februari 2011, hahitaji kuelezwa kwa nini sichezi na vitu vya kulipuka vilivyokaa muda mrefu.)

Baruti nzima hunukia kama spiriti au rangi ya kucha, harufu kali lakini safi. Iliyooza huchoma pua kama siki au maji ya betri. Ukilitikisa kopo na kulifungua, usione vumbi la rangi ya kutu likipanda, wala moshi wa hudhurungi. Tazama na mfuniko upande wa ndani: kutu ya nje yaweza kuwa ya unyevu wa chumba tu, ya ndani imetoka kwenye baruti. Makopo mawili ya DuPont yalianguka hapo hapo. Umri peke yake haukuyaponza, maana moja lililopona lilikuwa la zamani kuliko yote mawili. Nadhani yaliwahi kukaa kwenye banda la gari, ambako Julai unaweza kukaanga yai.

Kosa langu lilikuwa kwenye kopo moja la Hercules, baruti iitwayo Reloder 11, ambayo imeachwa kutengenezwa miaka mingi. Harufu yake ilikuwa katikati, si nzuri, si mbaya. Mwenye busara angeacha. Mimi nikasema moyoni, mbona rangi ni safi, nikashindilia risasi 40. Kumi nikazipiga wiki ile, zikaenda vizuri. Thelathini nikaziweka. Vuli iliyofuata nikakuta shingo za maganda zina kijani, mbili zimepasuka zenyewe ndani ya sanduku. Nilipozifungua, baruti ilikuwa imegandana kama sukari iliyopata maji, na shaba imeliwa kwa ndani. Hasara: maganda 30, vichwa 30, fataki 30, na jioni nzima. Ningenunua kopo jipya na chenji ikabaki.

Kwa hiyo tangu hapo, harufu ikinitia shaka, jibu ni hapana. Na hata baruti iliyofaulu siishindilii nyingi za kuweka akiba. Ni za kupiga shabaha msimu huo huo.

Makopo yaliyopona yalikuwa matano. Kwa hayo natumia kitabu cha vipimo cha zama zake, chenye jina lile lile kamili lililo kwenye lebo, na naanzia kipimo cha chini kabisa. Baruti iliyokauka kwa miaka huungua haraka kuliko ilivyokuwa, hivyo kipimo kilichokuwa salama 1975 si lazima kiwe salama leo. Lakini usishuke chini ya kile cha kuanzia ukidhani unajihami. Baruti nzito kama 4831, ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa, yaweza kufanya presha ya ajabu. Napiga risasi moja moja, na kipima kasi kimewekwa mbele. Fataki ikitoka bapa, boliti ikiwa nzito kufunguka, au kitako cha ganda kikiwa na alama inayong'aa, hizo ni dalili za presha kuzidi, nami nimefika mwisho wa siku hiyo. Nusu kopo na nusu kopo sizichanganyi, hata kama lebo ni pacha. Mezani linakaa kopo moja tu, mengine yamefungwa kabatini.

Za kutupa huchomwa nje, mahali peupe pasipo upepo, zimetandazwa kina kisichozidi inchi moja, kila fungu chini ya ratili moja, na kitu kinachoungua polepole cha kukupa muda wa kurudi nyuma. Usiimwage chooni, usiifungie kwenye debe la taka.

Neno kwa ndugu zangu wa nyumbani, kwa sababu najua mtu atauliza. Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore, na baruti yake ilikuwa nyeusi, ya moshi. Hii ninayoizungumzia ukiimimina kwenye gobore, mtutu unapasuka na mkono unakwenda nao. Tena kutengeneza risasi bila kibali, Tanzania na Kenya, ni kosa la jinai. Hapa ni halali, ila kanuni za zimamoto zinazofuatwa sehemu nyingi zinaruhusu nyumbani hadi ratili 20 ndani ya makopo yake ya asili, na kinachozidi hapo kina masharti zaidi.

Juzi mama mjane amenipigia tena. Alikuwa anasogeza friza, akakuta nyuma yake kasha la tatu, na moja ya makopo linatoa harufu kama ya siki. Nikamwomba asiliguse, afungue madirisha, apande juu. Nilimpigia zimamoto wa mjini nikiwa bado natafuta funguo za gari.