Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kununua Shamba, Mtafute Mnunuzi

Toleo hili tumelitengea kilimo biashara, kwa kuwa barua nyingi tulizopokea kutoka Dar es Salaam zinauliza, kila moja kwa maneno yake, jambo moja: mkazi wa jiji mwenye akiba kidogo aiingize wapi katika kilimo ili imzalie. Kilimo huchangia takriban robo ya pato la taifa na huajiri karibu theluthi mbili ya nguvukazi ya nchi, hivyo fursa zipo. Hata hivyo, hesabu zinazosambazwa kwenye simu ziko mbali sana na hali ya shambani, na ndiyo maana nimeona ni afadhali kujibu barua nne kwa kirefu kuliko kugusa kumi juu juu.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mtumishi wa umma, ninaishi Tabata, na nimebakiza miaka sita kustaafu. Nina shilingi milioni 20 nilizojiwekea kidogo kidogo kupitia SACCOS ya kazini. Rafiki yangu ananishauri ninunue ekari tano Njombe nipande parachichi, akisema kila mti utanilipa mpaka wajukuu zangu. Shemeji yangu anasema nikodi shamba Mkuranga nilime matikiti ya Ramadhani, fedha irudi ndani ya miezi mitatu. Nimsikilize nani? (Mtumishi, Tabata)

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wametaja mazao yaliyowapatia watu fedha, ila hakuna hata mmoja aliyekutajia mnunuzi. Hapo ndipo ningependa uanzie.

Tuangalie parachichi kwanza. Ukipanda kwa nafasi ya mita sita kwa sita, ekari moja huingia miti kama 110. Hesabu za kwenye simu huchukua idadi hiyo, zikaizidisha kwa matunda mamia kwa kila mti, kisha zikaizidisha tena kwa bei ya tunda moja sokoni Dar es Salaam, na jibu linalopatikana linamfanya mtu akose usingizi. Mnunuzi wa parachichi za Hass, aina inayotakiwa na wanunuzi wa nje, anayepeleka nje ya nchi hanunui hivyo. Yeye hupima kwa kilo, huchagua kwa ukubwa na kwa usafi wa ganda, na yale anayoyakataa huuzwa kwa bei ya chini kwa wakamuaji wa mafuta au katika soko la ndani, ambako walaji wengi wa jiji hili bado wanapendelea parachichi kubwa za kienyeji. Mwaka 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kufungua soko la parachichi, na hiyo ni habari njema. Lakini masoko ya aina hiyo hudai mashamba yaliyosajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mkulima mwenye ekari chache huyafikia kwa kuingia kwenye kikundi au kwa mkataba na kampuni yenye nyumba ya kufungashia.

Mti uliobebeshwa, yaani wa mche uliounganishwa, huanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu, na mavuno ya kibiashara hukaribia mwaka wa tano. Kwa upande wa muda, basi, rafiki yako hajakosea, kwa kuwa miti ingeanza kukulipa wakati unastaafu. Kinachonitia shaka ni mfuko. Kwa miaka yote hiyo utalipia palizi, samadi, maji ya kiangazi na mlinzi, huku shamba likiwa umbali wa kilomita zipatazo 700 kutoka Tabata. Milioni 20 zikiisha kwenye kununua ardhi na miche, ni nini kitakachoilisha miti hiyo mwaka wa pili? Ekari moja, pamoja na mbia anayeishi huko na mkataba wa maandishi unaoeleza nani anatoa nini na mavuno yatagawanywaje, naweza kuiunga mkono. Ekari tano kwa fedha hiyo, hapana.

Matikiti yana hatari ya aina nyingine. Zao hukomaa kwa siku 80 hadi 90, na ni kweli kwamba mahitaji hupanda mwezi wa Ramadhani. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, tarehe ya kupanda nayo hubadilika, na mwaka mwingine utajikuta unalima katikati ya masika, ambapo magonjwa ya ukungu hushambulia na barabara za vumbi hazipitiki. Tena hesabu unayoipiga wewe inapigwa na kila mkulima wa Mkuranga, Rufiji na Bagamoyo. Malori yote yakifika sokoni wiki moja, bei huporomoka ndani ya siku mbili, na tikiti lililoiva halimsubiri mtu.

Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kutoa hata shilingi, uende kwenye masoko ya Mabibo, Ilala na Temeke Stereo alfajiri, siku mbalimbali, uzungumze na madalali na wachuuzi. Uliza mzigo unatoka wapi kila mwezi, ni miezi gani bidhaa huadimika, dalali anachukua kiasi gani, na kama analipa taslimu au anachukua kwa mali kauli, yaani achukue mzigo leo na akulipe akishauza. Wakulima wengi wa mjini hujifunza habari ya mali kauli wakiwa wameshashusha mzigo, na huo ni wakati mbaya wa kuanza kujadiliana. Ukishampata mnunuzi wa kueleweka, kodi ekari moja Mkuranga au Kisarawe, mahali unapoweza kufika kila Jumamosi, ulime zao analolitaka yeye.

Kuhusu kilimo cha simu, naomba unielewe vizuri. Mtu aliyeko ofisini Posta akituma fedha ya dawa kila wiki bila kuliona shamba, hata msimamizi mwaminifu atashindwa kumwokoa, kwa sababu mdudu kama kantangaze anaweza kulimaliza shamba la nyanya kabla ya mwenye shamba hajapata nafasi ya kupokea simu. Ajira yako ikikuzuia kufika, chagua sehemu ya biashara isiyohitaji macho yako kila siku.

Ukifikia kununua ardhi ya kijiji, usitosheke na karatasi ya muuzaji na mashahidi wawili. Ardhi hiyo inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999; nenda kwenye ofisi ya serikali ya kijiji, onana na majirani wa pande zote, na hakikisha uhamisho umejadiliwa katika kikao cha halmashauri ya kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari. Shamba moja kuuzwa kwa watu wawili ni jambo la kila siku pembezoni mwa jiji letu. Nashauri pia kwamba theluthi mbili ya akiba yako ibaki mahali tulivu, kama dhamana za serikali au mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa kuwa mstaafu hana mshahara wa kufidia msimu uliokufa.

SWALI: Kuna kampuni inatualika tuwekeze kwenye kuku. Unatoa fedha, wao wanafuga, na baada ya miezi sita unarudishiwa mara mbili. Jirani yangu amelipwa tayari. Niingie? (Mama Lishe, Buguruni)

JIBU: Usiingie, dada yangu. Kuku wa nyama hukaa bandani wiki tano au sita, na chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama yote. Faida inayobaki ni ndogo, na ugonjwa wa mdondo au gumboro unaweza kuifuta kwa wiki moja. Tangu mwaka 2021, baada ya Benki Kuu kuweka utaratibu wa kuhamasisha mikopo ya kilimo, zipo benki zinazokopesha wakulima na wafugaji kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mfugaji ambaye kweli fedha yake inazaa mara mbili kwa miezi sita angekopa huko na kubaki na faida yote. Hangehangaika kukusanya akiba za akina mama Buguruni. Jirani yako kulipwa hakuthibitishi kitu, kwani katika mipango ya piramidi wa kwanza hulipwa kwa fedha za wanaofuata. Mwaka 2020 suala la namna hii, la fedha za watu waliotaka kufugiwa kuku, lilifika mahakamani hapa hapa jijini. Anayepokea amana za umma anahitaji leseni ya Benki Kuu, na anayeuzia umma hisa au vipande anahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwombe akuonyeshe mojawapo.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nimehitimu shahada ya kilimo Morogoro, nimerudi nyumbani Mbagala, na sina mtaji wala shamba. Kila ninayemuuliza ananiambia nijiajiri. Nijiajiri kwa kitu gani? (Kijana, Mbagala)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Elimu uliyonayo ni mtaji ambao wakulima wa Mkuranga wanaukosa, na ningependa uuze hiyo kabla ya kufikiria shamba lako mwenyewe. Mkulima mdogo wa mboga hupoteza fedha nyingi kwenye kitalu: mbegu chotara za bei kubwa anazimwaga ardhini, nusu zinakufa kwa mnyauko, na zilizobaki zinatofautiana urefu. Kijana mwenye ujuzi anaweza kuotesha miche ya nyanya, pilipili hoho na kabichi kwenye trei, chini ya kivuli cha neti, katika kiwanja kidogo chenye maji ya uhakika, na kuiuza ikiwa na wiki nne au tano. Eneo halihitaji kuwa kubwa na fedha huzunguka haraka. La muhimu zaidi ni kwamba miche hukutambulisha kwa wakulima wengi, nawe ukawa mtu anayejua nani atavuna nini na lini. Taarifa hiyo ina thamani kwa hoteli, shule na wachuuzi wanaohangaika kila wiki kutafuta mzigo wa kueleweka.

Anza kwa oda, ukiomba malipo ya awali yanayotosha kununua mbegu. Nunua mbegu zenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu, yaani TOSCI, na uwaulize masharti ya kusajili kitalu mapema. Baadaye ukitaka kufungua duka la pembejeo, fahamu kwamba mbegu, viuatilifu na mbolea kila kimoja kina mamlaka yake.

Kuhusu fedha, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka 2024, na asilimia nne kati ya hizo ni ya vijana. Haina riba, lakini hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi kilichoundwa kwa haraka ili kupata mkopo huvunjika mkopo ukishaingia. Tafuta wenzako mnaofahamiana kazini, si majina ya kujazia fomu.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninauza nafaka Tandale kwa miaka mingi. Mwaka huu nataka kununua mahindi Songea wakati wa mavuno, niyahifadhi na kuyauza bei ikipanda. Pia nimesikia ufuta na mbaazi zinalipa zaidi. Unaonaje? (Mfanyabiashara, Tandale)

JIBU: Wewe una wanunuzi tayari, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya biashara hii, hivyo nitakueleza mambo yanayoweza kukupokonya faida ukiwa umeshaikaribia.

Bei ya mahindi kwa kawaida huwa chini kuanzia Juni hadi Agosti na hupanda kuelekea mwanzo wa mwaka, lakini kupanda huko si ahadi. Huvurugwa na mavuno mazuri ya mikoa mingine na, zaidi ya hayo, na maamuzi ya serikali, yetu na za jirani. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, na waliokuwa na malori njiani waliumia. Usinunue mzigo wote kwa fedha ya mkopo, wala usiuze wote siku moja. Toa sehemu kila bei inapopanda hatua.

Sumukuvu ndiyo ninayokuomba uiogope kuliko dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka. Dumuzi huacha unga na matundu unayoyaona. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5; kwa hiyo nunua kipima unyevu, pima kila gunia kabla ya kulipa, na lililozidi likataliwe au likaanikwe kwenye turubai, si chini. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ukiifunga vizuri huua wadudu bila dawa, na iweke juu ya chaga mbali na ukuta. Nunua kwa kilo kwenye mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inamwibia mkulima na ni kosa kwa sheria ya vipimo, na mkulima aliyeibiwa msimu huu hatakuuzia msimu ujao.

Mbaazi nenda nayo kwa tahadhari. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa kuagiza mbaazi, na bei huku ikaanguka vibaya kiasi kwamba wakulima wengine waliziacha shambani. Zao linalotegemea nchi moja linaweza kukulipa vizuri sana mwaka huu, kisha mwakani likose kabisa mtu wa kulichukua, kwa hiyo usiweke humo fedha ya mahindi. Ufuta una wanunuzi wa nchi nyingi zaidi, ila katika mikoa kama Lindi na Mtwara huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kupita nyumba kwa nyumba ukinunua kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, kutakufanya utaifishiwe mzigo njiani. Onana kwanza na afisa ushirika wa wilaya husika akueleze masharti ya leseni na kiwango cha chini cha kununua mnadani, kisha piga hesabu ya gari kutoka Lindi mpaka Tandale kabla hujataja bei.