Data za eksirei za anga: anza na XSPEC, mengine baadaye

Wanafunzi wa fizikia ninaowasimamia hapa Dodoma, wakifika mradi wa mwaka wa mwisho, huja na swali lilelile: "Mwalimu, nitumie programu gani?" Wengi wameshaona picha za Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, na wanataka kuanzia huko. Mimi huwaambia waanze na XSPEC, programu ya kuchambua nishati za eksirei, nayo imewazidi umri.

Rick Shafer aliiandika mwaka 1983 huko Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya setilaiti ya EXOSAT. Imedumu kwa sababu iliushika ugumu wenyewe. Kigunduzi hakikupi spektra ya nyota, yaani mwanga wake uliogawanywa kwa nishati. Kinakupa idadi ya fotoni (chembe za mwanga) katika kila chaneli, yaani kila kisanduku cha nishati, na fotoni za nishati moja huweza kutawanyika kwenye chaneli kadhaa. Huwezi kurudi kinyumenyume ukapata jibu moja la uhakika. Kwa hiyo unakisia modeli, unaipitisha kwenye faili la mwitikio wa kigunduzi (linaloeleza jinsi kinavyozitawanya fotoni), kisha unalinganisha na ulichopokea. Setilaiti ya ROSAT iliporushwa mwaka 1990, kisha Chandra na XMM-Newton mwaka 1999, mbinu ilibaki ileile. Kilichobadilika ni mafaili ya mwitikio. Na kwa kuwa data zipo katika FITS, muundo wa mafaili unaotumiwa na wanaastronomia, za miaka ya themanini bado zinafunguka.

Sasa kazi. XSPEC imo ndani ya HEASoft, mkusanyiko wa programu za NASA. Usipakue HEASoft nzima, utamaliza bando. Kwenye ukurasa wao chagua XSPEC peke yake, na ukiweza subiri bando la usiku. Wenye Windows wataihitaji WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Halafu fanya mfano wa kwenye mwongozo: s54405.pha, data za pulsa (nyota inayotoa mionzi kwa midundo) iliyotazamwa na EXOSAT mwaka 1985. Andika `model phabs(powerlaw)`, kisha `fit`. Ukimaliza, weka `bbody` badala ya `powerlaw` uone chi-mraba, kipimo cha jinsi modeli inavyoachana na data, inavyopanda. Hapo utajifunza kuliko mihadhara yangu, nami sioni aibu kusema hivyo.

Ila chi-mraba nayo isikulaghai. Fotoni zikiwa chache, tumia `statistic cstat`, inayotokana na kazi ya Webster Cash ya mwaka 1979. Nimesoma ripoti nyingi zenye "modeli nzuri" iliyosimama juu ya fotoni za kuhesabu kwa vidole.

Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo kila baada ya `fit` ya maana andika `save all` na jina la faili.