Maswali na Majibu: Mbona barafu ya chumvi haigandi ikawa ngumu?

SWALI: Nauza samaki Masese, Jinja. Nilisikia barafu ya chumvi ina baridi kali zaidi, nikatia gramu 35 za chumvi katika kila lita ya maji na kuiweka ndoo kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nimepata barafu nyeupe, laini, na maji makali ya chumvi ndani yake. Friza ni mbovu? Na mbona kandokando huganda upesi, katikati ikasuasua?
Msomaji, Masese

JIBU: Friza ni nzima. Kipimo chako ndicho cha maji ya bahari, na hayo ndiyo yanayotokea bahari za karibu na ncha za dunia. Fuwele ya barafu hujengwa na maji matupu; chumvi husukumwa nje. Bahari huanza kuganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri: kwanza vijisindano vinavyoelea, kisha uji mzito, kisha utando unaokua kwenda chini. Chumvi hunaswa kati ya fuwele, katika vijifereji vinavyochuruzika polepole. Barafu changa ya bahari ni ya chumvi; iliyokaa miaka kadhaa imeshapoteza sehemu kubwa ya chumvi hiyo. (Barafu ya Rwenzori ni nyingine kabisa, ni theluji iliyoshindiliwa.)

Ndooni mwako, kila maji yanapoganda, yanayobaki huzidi ukali na kukataa kuganda. Kwenye nyuzi 18 chini, kama sehemu moja kwa sita hubaki majimaji. Yote yagande, ni lazima ushuke chini ya nyuzi 21.

Kusuasua kuna sababu yake: joto la katikati hutoka kwa kupita ndani ya barafu iliyokwisha kushika. Unene ukiwa mara mbili, muda huwa kama mara nne. Achana na ndoo. Tumia trei bapa za chuma, kina sentimita 5, ziguse ukuta wa friza, na usizijaze pomoni, maana barafu hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Ganda la ukutani likifika nusu sentimita, zima friza liyeyuke. Ukilikwangua kwa kisu utatoboa bomba la gesi.

Sangara wabichi wawekee barafu ya maji safi yasiyo na chumvi. Ile ya chumvi huyeyuka ikiwa chini ya sifuri, na nyama ya samaki huanza kuganda kwenye nyuzi 1 au 2 chini: ngozi itakakamaa, nyama ilegee ikiyeyuka. Barafu ya chumvi itie kwenye chupa zilizofungwa, kwa kusafirishia samaki waliokwisha kugandishwa.