Sukari kushuka usiku baada ya mpira wa jioni

Pole sana mama. Umeuliza kwa nini mwanao anayechoma insulini anamaliza mechi na sukari ya 9 (mmol/L), halafu saa nane usiku anaamka katota jasho, kipimo kinasoma 3.2. Ni mpira uleule. Misuli iliyokimbia huendelea kuvuta sukari kwenye damu ili kujaza akiba yake, hata kwa saa 24. Kongosho lenye afya lingepunguza insulini lenyewe. Iliyochomwa haina breki.

Ile 9 isikutishe. Mbio za kasi huamsha adrenalini, ini likamwaga sukari. Usikimbilie kumchoma ya kuishusha, utamwangusha usiku.

Apime kabla ya kuingia uwanjani. Chini ya 5, ale ndizi kwanza. Zaidi ya 14, mpime ketoni, yaani asidi zinazojaa damuni insulini ikipungua. Zikiwepo, asicheze kabisa. Siku hiyo asichome pajani, mguu unaokimbia hunyonya insulini haraka. Glukosi iwe mfukoni mwake, na kocha ajue.

Akishuka, mpe glukosi au soda ya kawaida, umpime tena baada ya dakika 15. Kupunguza dozi ya jioni siku za mechi, tafadhali panga na daktari wake wiki hii hii.