Kuitwa mwizi supamaketi na risiti unayo: fidia ya kuzuiliwa
Pole sana, ndugu. Kuzuiliwa mlangoni mwa supamaketi, kuitwa mwizi na kupekuliwa mbele ya wateja huku risiti unayo mkononi si jambo dogo. Hapa Kenya kesi ya kuchafuliwa jina hufunguliwa ndani ya miezi 12. Ya kuzuiliwa bila haki, miaka 3. Lakini anza na kamera za duka leo hii, maana picha za zamani hufutika mpya zikirekodiwa juu yake. Liandikie duka barua, taja tarehe, saa na mlango, uziombe kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Tafuta waliosikia neno "mwizi" kwa masikio yao. Kashfa ya mdomo bila shahidi huanguka. Kisha wakili apeleke barua ya madai. Wakikupa vocha ya kukutuliza, usitie saini chochote kabla wakili hajakisoma.